Mjane Aliyekataa Kushuka Kitini

Banza alikuja na toroli kabla hajaja na pole. Aliliegesha mlangoni kwa mdogo wake, akaingia bila hodi, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye cherehani iliyokuwa chini ya dirisha.

"Shemeji," Ngoie alisema, "hodi umeiacha wapi?"

"Nimpigie nani hodi? Mwenye nyumba hayupo."

"Hayupo. Hajafa."

"Mama Senga, usinitie kazi ya kubishana." Banza alivua kofia akaipunga usoni, ingawa hakukuwa na joto. "Tangu waasi waingie, mji mzima unazika. Watu wamefukiwa mashimoni bila majina. Mwepu alitoka hapa kwenda kazini hospitali ya mgodi siku ile waliposhuka wale askari wa Kizungu wa miamvuli, na mpaka leo hajarudi. Unataka nani aje akwambie? Gavana?"

Ngoie alimhamishia mtoto ziwa la pili. Alikuwa ameketi kwenye kiti ambacho Mwepu alikiunda mwenyewe kwa mbao za makasha ya dawa, mtoto mdogo akinyonya. Banza alikitazama kile kiti, kisha akautazama mkeka uliokunjwa pembeni. Ngoie alimwelewa. Mjane hakai kwenye kiti. Hukaa chini, mkekani, haogi wala hapeani mkono, mpaka ukoo wa mume umnyoe nywele na kumfungua. Na siku anapoketi mkekani, kila kilichokuwa cha mume hurudi kwa ndugu za mume: kitanda, redio, baiskeli, na cherehani pia, hata kama mguu unaoizungusha ni wa mke. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kampuni ya mgodi, na kampuni haina desturi ya kuwatunza wajane.

"Toroli lako umelileta bure," Ngoie alisema.

"Litasubiri," Banza alijibu, akaenda zake, toroli akaliacha pale pale.

Mchana alifika Shangazi Kalenga, dada wa baba yao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Yeye hakuja kwa ajili ya cherehani. Ndiye aliyemlea Mwepu tangu alipoachishwa ziwa, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Alikokota magogo mawili kutoka nyuma ya choo, akawasha moto katikati ya ua, akajitupa chini kando yake na kuanza kulia kwa jina la mwanawe. Majirani wakasikia. Katika kambi ile ya wafanyakazi wa Kolwezi hakukuwa na ua usio na moto kama huo wiki ile, kwa hiyo wanawake walikuja tu, wamechoka, khanga zao zimeshalowa vilio vya nyumba nyingine, wakajipanga kuuzunguka.

Ngoie alitoka nje. Alitoka na kiti chake. Akakiweka mbele ya mlango, mahali ambapo kila mtu angekiona, akakikalia.

Vilio vikapungua. Wanawake wakatazamana.

"Mjane gani huyu," mmoja alinong'ona, "amekaa kama karani?"

"Si mjane," Ngoie alisema kwa sauti. "Ninyi mnaolia, lieni. Mimi nakuangalieni."

*

Sababu yake ilikuwa Odia. Odia alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa jimbo la Kasai aliyeuza mandazi mbele ya hospitali, na siku ile ya miamvuli alikuwa amekwenda kwenye uzio wa uwanja wa ndege kuona kama wananchi nao watabebwa na ndege zilizokuja kuwahamisha Wazungu. Hawakubebwa. Lakini alikuwa ameona jambo, na Ngoie alimwita alieleze mbele ya moto.

"Niliwaona wakishusha majeruhi kwenye lori," Odia alisema, mikono kiunoni. "Wazungu watupu, wanalia kama watu. Pembeni ya machela moja kulikuwa na mtu wetu, koti jeupe la hospitali, ameinua chupa ya maji ya sindano juu hivi. Machela ikapanda ndegeni, naye akapanda. Mlango ukafungwa. Ni Mwepu."

"Ulimwona uso?" Banza aliuliza. Alikuwa amerudi, na mdomo wake ulinuka lutuku, pombe kali ya kienyeji.

"Nilimwona mgongo."

"Mgongo!" Banza aliwageukia watu. "Mmesikia? Tuache kuzika, mama wa mandazi ameona mgongo!"

"Mgongo wa Mwepu naujua. Anaegemea kushoto."

"Wewe mgongo wa mume wa mwenzio umeujulia wapi?"

Wanawake walicheka, hata waliokuwa wakilia. Odia alisonya, lakini Banza alikuwa amepata upepo. Alimwendea Ngoie, akainama hadi nyuso zao zikakaribiana.

"Mama Senga, nikuulize kitu rahisi. Ndege ile ilikuja kubeba nani?"

"Wazungu."

"Ilimbeba mfanyakazi yeyote wa hapa kambini? Ilimbeba mpishi wao? Yaya wao aliyewaficha watoto wao chini ya kitanda chake wiki nzima?"

"Hapana."

"Sasa mumeo alipauka lini?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kidogo na kichungu, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa na mtu aliyesimama kwenye uzio ule akaambiwa arudi nyuma. Ngoie alihisi kiti kikimpungukia nguvu chini yake. Lakini alikaa.

"Mwanangu," Shangazi Kalenga alisema kutoka chini, na yeye hakuwa anacheka, "shuka. Mtu asiyeliliwa hapumziki. Atawarudia watoto hawa. Kiburi chako kitamkosesha Mwepu usingizi huko aliko."

"Huko aliko, Shangazi, sijui ni wapi. Wewe unajua?"

Shangazi akarudi kulia.

*

Mwepu alikuwa Lubumbashi, uwanja wa ndege, akivingirisha mapipa ya mafuta.

Odia hakukosea hata kidogo. Asubuhi ile daktari wa jeshi la kigeni aliingia wodini na askari wake, akachagua wanaosafirishwa, na wahudumu wakaambiwa wabebe. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa amepigwa risasi pajani na damu ilikuwa imemwisha. Daktari alimkabidhi Mwepu chupa. "Shika juu," alimwambia. "Usishushe." Mwepu aliishika wodini, akaishika kwenye lori, akaishika mpaka kwenye tumbo la ndege lililokuwa wazi kwa nyuma kama ghala. Askari kijana aliyekuwa mlangoni alinyoosha mkono kumzuia.

"Mwache," daktari alisema. "Huyo anashika chupa."

Hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yake. Alidhani atashuka wakishamfunga mgonjwa vizuri. Hakuna aliyekuja kuipokea chupa. Mlango ulifungwa, injini zikanguruma hata meno yakatetema, na alipopata kidirisha cha kuchungulia, mabati ya kambi yao yalikuwa yanapita chini, yote sawasawa, asijue lipi ni lake. Mkono ulimuuma mpaka ukafa ganzi. Mama mmoja aliyekumbatia mbwa alimtazama njia nzima kama mtu anayetazama msumari ukutani.

Walipotua, palikuwa na ndege nyingine kubwa zaidi inasubiri, ya kuwapeleka watu kwao Ulaya. Machela ilihamishwa. Ndani ya ndege ile ya pili kulikuwa na kulabu za chuma zimening'inia darini. Askari akaichukua chupa mkononi mwa Mwepu, akaitundika, akasema asante bila kugeuka. Kulabu ikachukua kazi yake, na Mwepu akabaki chini juani na koti lake jeupe lenye damu ya mtu mwingine.

Kitambulisho kilikuwa kwenye suruali nyingine, Kolwezi. Askari wa serikali walimkuta anazungukazunguka.

"Unatoka wapi, mwananchi?"

"Kolwezi."

"Kolwezi! Umekuja na nini?"

"Na ndege."

Walicheka, kisha wakampiga makofi mawili ya kumfundisha kusema kweli. Mtu mweusi aliyetoka Kolwezi bila karatasi alikuwa mwasi, na mwasi mwenye koti la daktari alikuwa mwasi mwenye akili. Kilichomwokoa ni kazi. Ndege za mataifa zilikuwa zinatua bila kupumzika, zikishusha magari, mapipa, makasha, askari wa nchi asizozijua, na wapakiaji hawakutosha. "Huyu ana mikono," sajini mmoja alisema. "Apakie kwanza. Tutamhoji akichoka."

Hakuchoka, kwa kuogopa kuhojiwa. Kila ndege iliyopaa kuelekea magharibi aliitazama mpaka iwe nukta. Alikuwa amewaacha mke na watoto wawili katikati ya mji wenye maiti barabarani, akapanda ndege. Hata kama hakukusudia, angewaelezaje?

*

Moto uliendelea kuwaka katika ua ule, na waliokaa kando ya moto walitaka kula. Desturi ni kwamba nyumba yenye msiba inapika. Unga ulikuwa unapimwa kwa kikombe cha chai sokoni, na bei yake haikutamkika. Ngoie alikataa kupika.

"Nipikie msiba wa nani?"

"Basi tutapika wenyewe," Shangazi alisema, na akaingia ndani akatoka na gunia dogo la unga lililokuwa limefichwa chini ya kitanda, akasonga bukari ya watu wote kwa chakula cha watoto. Senga, binti wa miaka minane, alisimama akitazama mwiko ukizunguka chunguni, akameza mate pamoja na wageni.

Jioni ile Banza alimvuta Odia pembeni, si mbali sana, ili na Ngoie asikie.

"Wewe mama, askari wa serikali wanauliza kambini. Wanataka kujua nani alikuwa kwenye uzio siku ile, nani aliwaona waasi wakikimbia, nani aliwapa maji. Nikiwaambia upo wewe, Mkasai mwenye macho makali, watafurahi."

"Banza, unaweza kufanya hivyo?"

"Mimi siwezi. Lutuku inaweza."

Odia alirudi kwenye moto kichwa chini. Alisimama mbele ya kiti cha Ngoie akasema haraka haraka, kama mtoto aliyefundishwa: "Dada, nilikosea. Ulikuwa mgongo tu. Makoti meupe ni mengi." Machozi yakamtoka. Ngoie alimshika mkono.

"Nimesikia la kwanza," alimwambia polepole. "Hilo la pili sikusikia."

Asubuhi iliyofuata cherehani ilipanda torolini. Ngoie aliilalia, akavutwa kwa kiuno, akainuka tena, na mwisho Banza akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba ofisi ya kampuni imeshajulishwa kifo na nyumba itatakiwa, kwa hiyo heri vitu viwe kwa ndugu kuliko vibaki barabarani. Toroli liliondoka likipiga kelele kwa gurudumu lake kavu. Ngoie alirudi kitini. Alikaa hapo kitambo kifupi. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akamwambia Senga akilinde kiti, akashika njia ya uwanja wa ndege kwa miguu.

Uwanjani wale askari wa miamvuli walikuwa wanafunga mizigo yao kuondoka, na wengine walikuwa wanaingia kushika nafasi yao: warefu, weusi, wenye Kifaransa cha mbali, na wengine weupe kidogo waliofunga vitambaa kichwani. Ngoie alimwuliza wa kwanza kwa Kifaransa chake kidogo. Huyo alimwonyesha wa pili. Wa pili alisema amefika jana, aulize waliotangulia. Waliotangulia hawakugeuza kichwa. Mwishowe askari wa serikali aliyekuwa akitafsiri kwenye kizuizi akamwita.

"Mama, una shida gani? Ndizi zinauzwa kule."

"Sina ndizi. Mume wangu alipanda ndege siku ile, ameshika chupa ya mgonjwa. Nataka kujua walimshusha wapi."

Askari aliwatafsiria wenzake, wakacheka kwa lugha zao zote.

"Wanauliza kama mumeo ni balozi."

"Ni mhudumu wa hospitali."

"Basi ameshafika Ulaya, mama. Nenda nyumbani ungoje. Atakuletea theluji kwenye chupa."

Ngoie alisimama hapo mpaka mtoto alipolia kwa njaa. Ndege mbili zilitua wakati ule. Zilitema magari na mapipa. Alitazama kila mgongo.

*

Saa hizo hizo, Lubumbashi, ofisa mmoja wa kigeni alipita mbele ya wapakiaji na mkalimani wake. Kule Kolwezi, alisema, wafanyakazi wa uwanja wamekimbia, magari yanashushwa na askari na yanavunjika. Wanahitajika watu wa kwenda na mizigo jioni hii. Nani anakwenda?

Mstari mzima ulirudi nyuma hatua moja. Mwepu hakurudi nyuma, kwa hiyo akaonekana amejitokeza.

"Wewe kichaa?" jirani yake alinong'ona. "Watu wanatoka huko kwa machela, wewe unaingia kwa miguu?"

"Nyumbani kwangu ni huko."

Sajini wa serikali aliingilia kati kwamba huyu bado hajahojiwa. Ofisa aliuliza anashukiwa nini.

"Kwamba alitoka Kolwezi, afande."

"Na sasa anataka kurudi?"

"Ndiyo."

"Mwasi gani huyo?" ofisa alisema, akaenda zake. Hivyo ndivyo Mwepu alivyosafishwa jina.

*

Ngoie alipofika uani jua lilikuwa linazama. Senga alikuwa mlangoni, uso umevimba kwa kulia, na mahali pa kiti palikuwa na alama nne tu vumbini.

"Mama, nilikishika. Bibi alikuwa na nguvu."

Ngoie aliutazama moto. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa bado haujaisha, na maandishi mekundu ya kasha la dawa yalikuwa yanageuka meusi. Juu yake chungu kilichemka.

Shangazi Kalenga hakukwepa macho yake. "Nimefanya mimi. Usimlaumu mtoto. Kuni zimekwisha, na kile kiti kilikuwa kinamzuia mwanangu kulala. Mkeka huu hapa. Shuka sasa, binti yangu, tumlie pamoja. Tumechoka wote."

Alikuwa ameutandika vizuri, mahali pa heshima, karibu na joto. Wanawake wakasogea kumpa nafasi. Wembe ulikuwa kwenye bakuli la maji. Hakuna aliyemkejeli tena, na huko kutokejeliwa kulimwia Ngoie kugumu kuliko kicheko cha Banza. Miguu ilimuuma kwa safari. Kama mtu angemwambia neno moja baya, angejua la kufanya.

Akampa Senga mtoto amshike, akaegemea mwimo wa mlango, akasimama.

"Utasimama mpaka lini?" Odia alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

Giza lilipoingia wakamwacha. Walilala kuuzunguka moto, naye akasimama, na kila mara aliposinzia alijishika mlangoni akajinyoosha. Kulipopambazuka alikuwa bado hapo, macho mekundu, mtoto begani. Banza naye alikuwa amefika mapema kwa ajili ya kitanda. Alikuwa ameshakitenganisha na kukipakia, mbao za kichwani zikichomoza mbele ya toroli, na alikuwa analisukuma kutoka uani.

Mtu alisimama njiani kwake. Koti jeupe, lakini si jeupe tena. Bati la biskuti za jeshi kwapani. Bega la kushoto limeshuka.

"Kaka," mtu yule alisema, "unahamia wapi na kitanda changu?"

Toroli lilianguka. Wanawake waliokuwa wameamka walipiga kelele, waliokuwa wamelala wakaamka wakikimbia, mmoja akaruka moto. Shangazi Kalenga peke yake alikwenda mbele, akamshika Mwepu usoni kwa mikono miwili, akamnusa, akambana shavu mpaka akaguta.

"Ana joto," aliwatangazia watu. "Ana joto huyu! Ananuka mafuta ya taa, lakini ana joto!"

"Si nilisema?" Odia alipiga kelele kutoka nyuma ya choo. "Mgongo! Anaegemea kushoto! Nani ananicheka sasa?"

Banza alikuwa anaokota mbao moja moja, akiziangalia sana. "Cherehani ipo," alisema bila kuulizwa. "Nilikuwa naitunza tu."

Mwepu hakumsikia. Alikuwa anamtazama mkewe mlangoni, na maneno aliyoyapanga njia nzima kwenye ndege, kati ya magari mawili ya jeshi, yalimpotea yote. "Mama Senga," alianza, "walinipa chupa, wakasema nisishushe..."

"Najua," Ngoie alisema. "Mshike mwanao."

Alimkabidhi mtoto. Mikono ikawa mitupu. Aliteleza taratibu kwenye mwimo wa mlango hadi chini, akaketi vumbini, juu ya zile alama nne za kiti, akanyoosha miguu mbele yake kama mjane kabisa.

Wanawake walishtuka. Shangazi Kalenga alimkimbilia, akamshika kwapani. "Inuka, mwanangu, inuka! Mumeo yu hai! Mwenye mume hakai hivyo kwenye matanga, ni mkosi! Leteni kiti! Nani ana kiti?"

Hakuna aliyekuwa na kiti.

"Niache, Shangazi," Ngoie alisema, akiegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. "Nimesimama tangu jana."